Nyaatha wa Gikondi: Maisha ya Mwenyeheri Irene Stefani



Kamati ya jubilei ilipotuomba sisi wa ofisi ya katibu tuandike maisha ya mtu mmoja wa imani kwa ajili ya kijitabu hiki, majina mengi yalitajwa. Wengine walimtaka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, na hoja yao ilikuwa nzuri. Lakini Sesilia tunamsherehekea kila Novemba na picha yake iko ukutani tunapofanyia mazoezi. Tukaona safari hii tuandike juu ya mtu aliyekanyaga udongo huu huu mwekundu tunaoukanyaga sisi, akavuka mito hii yetu na kupanda vilima vya Mukurwe-ini mvua ikinyesha na jua likiwaka. Huyo ni Sista Irene Stefani, ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha.

Tumemchagua kwa sababu ya neno moja: heshima. Katika miaka hii 25 kwaya yetu imefundishwa sana kumheshimu Mungu kwa uimbaji. Tumefundishwa kufika mapema, kuvaa sare safi, kutotafuna chochote Misa ikiendelea na kutogeuka nyuma kuangalia nani ameingia. Tumefundishwa pia kuwaheshimu watu, lakini somo hilo hatujalifanyia mazoezi kama tunavyozifanyia nyimbo za Pasaka. Nyaatha alilifanyia mazoezi kila siku.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa Idro, sehemu za Brescia kaskazini mwa Italia. Huko nako ni nchi ya milima, na huenda ndiyo maana miteremko ya kwetu haikumtisha. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto 12 wa Giovanni Stefani na mkewe Annunziata Massari. Nyumbani walimwita Mercede. Mama yao alifariki Mercede akiwa bado msichana, na kazi ya kuwaangalia wadogo zake ikamwangukia. Pamoja na hayo alipata nafasi ya kuwafundisha watoto wa kijiji katekisimu na kuwatembelea maskini.

Mwaka 1911 alikwenda Turin kujiunga na Masista Wamisionari wa Consolata. Shirika lenyewe lilikuwa changa, limeanzishwa tarehe 29 Januari 1910 na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Mapadre na mabruda wa Consolata walikuwa wamefika kwetu tangu 1902, wakaanzia Tuthu kule Murang'a, katika himaya ya Chifu Karuri wa Gakure. Padre Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini aliwafundisha watoto wake wa kiroho kwamba jambo jema lifanywe vizuri, tena bila kelele. Mercede akapewa jina la Irene, maana yake amani. Aliweka nadhiri tarehe 29 Januari 1914, akapanda meli mwishoni mwa mwaka huo, na Januari 1915 akashuka Mombasa. Alikuwa na miaka 23, umri wa wale tunaowaita vijana wa kwaya na kuwanyima funguo za kabati la vitabu.

Alikuja na jina la amani akakuta vita.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefika hadi huku. Waingereza walipigana na Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika. Barabara hazikuwapo, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo mizigo ya jeshi ilibebwa na watu. Vijana wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Ukambani na Nyanza walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, wakapelekwa kubeba unga, risasi na mahema katika vita visivyowahusu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariokor. Ndilo lililobaki kwenye soko la Nairobi, na Dar es Salaam likawa Kariakoo. Tunanunua vyondo na kula nyama choma pale bila kukumbuka kwamba jina lile ni kama kaburi. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara damu, malaria na nimonia walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kila mpagazi alipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyotafutwa kwenye daftari, akiwa mzima au akiwa maiti.

Sista Irene na masista wenzake walitumwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi hao. Alianza Voi, kisha akavuka kwenda pwani ya Tanganyika, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali ni neno la heshima tu kwa mahali pale. Wagonjwa walikuwa wengi mno, dawa kidogo, na harufu ilitosha kumfukuza mtu mlangoni. Aliosha vidonda, akalisha wasioweza kujilisha, akasafisha waliojichafua. Aliongea nao kwa Kiswahili alichokuwa akijifunza hapo hapo, na aliyetaka kusikia habari za Mungu akamweleza. Husemwa kwamba katika miaka ile aliwabatiza watu wapatao 3,000 waliokuwa wakikaribia kufa. Wapo siku hizi wanaouliza maswali juu ya ubatizo wa namna hiyo, na maswali yao yana haki ya kujibiwa na wenye elimu kutushinda. Sisi tunalotazama hapa ni kwamba mtu aliyekusanywa kama kuni alipata, saa yake ya mwisho, mtu wa kukaa naye.

Kuna kisa kimoja cha Kilwa ambacho husimuliwa sana, nasi tutakisimulia polepole.

Kulikuwa na mpagazi mmoja mgonjwa sana ambaye Sista Irene alikuwa akimtembelea na kumfundisha. Siku moja alifika akakuta kitanda chake kitupu. Akauliza. Wahudumu wakamwambia yule amekufa, ameshapelekwa ufuoni pamoja na maiti wengine. Kwa hospitali habari yake ilikuwa imekwisha, maana namba yake ilikuwa imeondolewa na kitanda kilimngoja mwingine. Hakuna mtu ambaye angemlaumu sista yule kama angefanya ishara ya msalaba, akamwombea marehemu na kuendelea kwa mgonjwa wa pili. Kazi ilikuwa nyingi na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu.

Yeye akashuka hadi ufuoni. Akaanza kuwatafuta wafu mmoja mmoja, akawageuza na kuwasogeza, hadi akampata mtu wake chini ya wengine. Alikuwa bado anapumua. Akaomba asaidiwe kumbeba, akamrudisha hospitalini, naye akabatizwa kama alivyotaka.

Hapa wanakwaya wenzetu na wageni wetu waalikwa watuvumilie, maana hatuwezi kupita kisa hiki haraka. Sisi nasi tuliwahi kukuta kitanda kitupu.

Miaka kadhaa iliyopita, tukijiandaa kwa mashindano, mama mmoja wa sauti ya pili aliacha kuja mazoezini. Katiba ya kwaya inasema atakayekosa mara tatu mfululizo bila taarifa jina lake litolewe kwenye rejista. Ofisi hii ya katibu ilichukua kalamu nyekundu na rula, ikachora mstari. Mstari ulinyooka vizuri sana. Mashindanoni tulishika nafasi ya pili, tukarudi usiku tukiimba ndani ya basi, na kipaza sauti tulikiacha wazi tukipita vijijini ili watu wajue. Baada ya majuma mawili mjukuu wa yule mama alikuja kanisani amebeba mfuko. Ndani mlikuwa na sare ya kwaya, imefuliwa, imepigwa pasi, na kola imetiwa wanga. Mtoto akasema nyanya yake amemtuma airudishe, kwa kuwa katiba inasema anayetolewa arudishe sare. Tulipouliza nyanya mwenyewe yuko wapi, akasema yuko nyumbani, alianguka akivuna majani chai, akavunjika mfupa wa nyonga. Alikuwa kitandani tangu juma lile la kwanza alilokosa. Usiku ule wa mashindano alisikia basi letu likipita.

Kwake si mbali na kanisa. Unaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Jumapili sita tulikuwa tumeimba kwamba tunampenda Mungu, kwa sauti nne zilizopatana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini sauti ya pili imepungua.

Turudi kwa Nyaatha.

Mwaka 1920, vita vikiwa vimekwisha, alipelekwa Gikondi, na huko alikaa miaka kumi, hadi kufa. Gikondi ya siku zile haikuwa na lami wala matatu ya kwenda Nyeri mjini. Ilikuwa ni vilima, mabonde, mito isiyo na madaraja ya maana, na nyumba zilizotawanyika kila upande. Asubuhi alifundisha shuleni, na masomo yakiisha alianza safari. Alikwenda kwa mgonjwa, kwa mwanamke anayejifungua, kwa mzee anayekaa peke yake, kwa mtoto aliyeacha shule. Alikwenda kwa miguu na alitembea kwa kasi. Alijifunza Gikuyu, akaweza kukaa na nyanya jikoni, moshi ukimwuma macho, na kuzungumza naye kwa lugha yake. Sisi tuliosomea ualimu tunajua ilivyo rahisi kumsubiri mzazi aje ofisini. Yeye hakusubiri. Aliingia ua wa mtu, akasalimu kama mgeni anavyopaswa kusalimu, akaketi.

Wazee wetu walikuwa na neno la kumpima mtu, gitio, yaani heshima. Mgeni mweupe wa siku zile alikuwa amezoea kupewa heshima, na mara nyingi kuidai. Ilikuwa enzi ya kodi ya nyumba na ya kipande shingoni, enzi ambayo mzee mwenye wajukuu aliweza kuitwa mtoto na kijana wa kigeni. Ndiyo maana watu wa Gikondi walishangaa. Huyu alikuwa mweupe aliyetoa heshima kabla ya kuipokea, tena kwa mwanamke maskini ambaye hata jirani zake hawakumjali. Wakampa jina. Huruma kwa Gikuyu ni tha, na Nyaatha ni mama wa huruma. Jina la namna hiyo haliombwi wala halinunuliwi. Watu walikaa wakamtazama, kisha wakamwita.

Kazi yake moja inatugusa sana sisi wa ofisi hii. Vijana wengi wa Nyeri walikuwa wameondoka kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya walowezi, na wazazi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Sista Irene aliwaandikia barua. Mama alikuja akasema anayotaka mwanawe ayajue: ng'ombe amezaa, baba anakohoa, usisahau kusali, rudi uoe. Sista akaandika. Majibu yalipofika aliwasomea. Kwa sababu hiyo wengine wamemwita katibu wa maskini. Barua ya namna hiyo huandikwa mara nyingi usiku, mtu akiwa amechoka, na haina hata mstari mmoja wa habari za mwandishi. Ukatibu wetu umekuwa wa kuandika mahudhurio, michango na faini. Tangu tujue habari hii tunaitazama rejista kwa jicho jingine.

Mwezi wa Septemba 1930 alikuwa Nyeri kwa mafungo. Huko aliomba ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misioni. Alirudi Gikondi na kazi ikaendelea kama kawaida. Mwezi uliofuata ugonjwa wa tauni ukaingia.

Aliyeugua alikuwa mwalimu mmoja. Husimuliwa kwamba mwalimu huyo alikuwa amempinga Sista Irene na kumsema vibaya, na kwamba alikuwa amemtia uchungu mwingi. Tauni inaambukiza, na kila mtu alijua hivyo. Watu walijitenga, na hatuwezi kuwalaumu, sisi ambao juzi tu, wakati wa korona, tulivuka barabara ili tusimsalimu jirani. Sista Irene aliingia katika nyumba ya mwalimu yule, akakaa naye, akamhudumia hadi alipofariki. Hatuna la kuongeza hapo. Kumheshimu mtu anayekuheshimu hata watoza ushuru wanaweza. Kumwinua kichwa aliyekutukana ili anywe maji, huku pumzi yake ikiwa na kifo chako ndani yake, ni jambo jingine kabisa.

Naye akaugua. Tarehe 31 Oktoba 1930 Nyaatha alifariki dunia, akiwa na miaka 39.

Miaka ilipita. Tulipata uhuru, misioni zikawa parokia, wanafunzi wake wakawa wazee, nao wakawasimulia wajukuu. Mwezi Januari 1989, mbali sana na kwetu, katika parokia ya Nipepe huko Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwafungia kanisani makatekista na familia zao, watu wapatao 270. Risasi zililia nje kwa siku kadhaa na maji hayakuwapo, ila yale machache yaliyokuwa ndani ya kisima cha ubatizo kilichochongwa kwa gogo la mti. Wakamwomba Sista Irene awaombee. Maji yale yakawatosha wote kwa kunywa, na hata mtoto wa kike aliyezaliwa humo ndani akaoshwa kwayo. Mtoto akaitwa Irene. Kanisa lilichunguza habari hiyo kwa miaka mingi, na mwezi wa Juni 2014 Baba Mtakatifu Fransisko akaukubali muujiza.

Tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapa Nyeri, Sista Irene alitangazwa Mwenyeheri. Ibada iliongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam kwa niaba ya Baba Mtakatifu. Ilikuwa mara ya kwanza ibada kama hiyo kufanyika katika nchi yetu. Wanakwaya wetu waliokuwapo wanakumbuka matope, viatu vilivyopotea, na umati usio na mwisho. Wanakumbuka pia duara la mwanga lililoonekana kulizunguka jua. Kati yetu kuna mwalimu wa sayansi ambaye hueleza kila mwaka kwamba duara hilo hutokana na chembe za barafu katika mawingu ya juu, na kuna akina mama ambao kila mwaka humsikiliza kwa adabu na kumuuliza kwa nini chembe hizo zilichagua siku ile. Mjadala huo haujafungwa. Majirani zetu wa Meru nao walipata siku yao tarehe 5 Novemba 2022, alipotangazwa Mwenyeheri Sista Maria Carola Cecchin, kwa hiyo Mlima Kenya sasa una waombezi pande zote mbili.

Masalia ya Nyaatha yamewekwa katika Kanisa Kuu la Mama wa Consolata mjini Nyeri. Sikukuu yake ni tarehe 31 Oktoba, na mwaka huu kwaya itahiji Gikondi siku hiyo. Tutatembea kwa miguu kuanzia barabara kuu. Wasioweza kutembea watakuwa na gari, na majina yao yaandikishwe kwa mweka hazina mapema.

Kuhusu yule mama wa sauti ya pili, tulikwenda kwake siku ile ile tuliyoletewa mfuko, watu kumi na wanne, tukiwa hatujui pa kuanzia. Alituuliza tunafanya mazoezi ya wimbo gani kwa sasa. Tukamwambia. Akauliza nani anaishika ile sehemu ya juu ya sauti ya pili, na tulipomtaja akatikisa kichwa, akasema yule huharakisha. Tukaimba hapo hapo kando ya kitanda, naye akatusahihisha mara mbili. Sare tuliirudisha kwake na hatukuitaja katiba. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, na Jumapili hii ya jubilei ataketi kiti cha kwanza upande wa sauti ya pili. Jina lake mtaliona katika orodha ya wanakwaya, ukurasa wa mwisho. Kwenye rejista ya zamani mstari mwekundu bado upo, na tumeuacha.